Yahuma: Visi ya karburateri isiwe ya kila mwenye turnavisi

Pikipiki inapozimika njiani katika teritwari ya Yahuma, kinachofuata kinajulikana. Motari anashuka, anainama kando ya moteri, anatoa turnavisi, na kama hana turnavisi anatoa kisu, kisha anazungusha visi ndogo ya shaba iliyo ubavuni mwa karburateri. Kidogo kulia, kidogo kushoto. Anapiga kiki. Ikiwaka, safari inaendelea. Ikikataa, abiria naye anashuka na shauri lake, na kijana aliyekuwa akipita na baiskeli yake ya bidoni za mawese anasimama kutoa la kwake. Hadi pikipiki inafika Yahuma yenyewe, visi hiyo imepita katika mikono mitatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema asubuhi ilikuwa imekaa wapi.

Desturi hiyo inaua moteri, na inafaa ikomeshwe. Visi ya ralanti inapaswa kupangwa na fundi mmoja anayejulikana, moteri ikiwa imepata joto, kisha itiwe alama ya rangi na hesabu yake iandikwe. Baada ya hapo asiiguse mtu bila sababu, na akiigusa ionekane kwamba imeguswa. Ni jambo dogo, na pengine kwa sababu ya udogo wake ni vigumu kulisikia likizungumzwa katika mikutano, ambako watu wanapenda zaidi kuomba pikipiki mpya.

Mtu wa Goma au Bukavu anaweza kuuliza kwa nini visi ya karburateri iwe habari. Akiangalia ramani atapata jibu. Yahuma ni moja kati ya teritwari saba za jimbo la Tshopo, na makao yake makuu yako zaidi ya kilomita 200 kutoka Kisangani ukipima kwa mstari ulionyooka. Barabara haijui mstari ulionyooka. Mizigo mingi inateremka kwanza kwa mto, kwa mitumbwi na mashua, hadi bandari kama Lokutu, ile ambayo Wabelgiji waliiita Elisabetha, ndipo iingie msituni kwa magurudumu mawili. Mchele, mahindi, chumvi, sabuni, karatasi za mtihani wa taifa, mwalimu anayefuata mshahara wake, mama mjamzito ambaye uchungu umegeuka vibaya usiku: wote wanapita kwa njia ile ile, juu ya madaraja ya magogo na katika matope yanayofika kwenye ekseli. Chanjo nazo zinapita hapo, ndani ya sanduku la barafu linalopaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Barafu ya sanduku haingoji motari amalize kubahatisha.

Katika safari hizo pikipiki za zamani bado zinafanya kazi kubwa. Pikipiki za Kihindi na za Kichina zimejaa, TVS, Boxer, Haojue, lakini nyuma ya misheni, ofisi za kilimo na vituo vya afya bado utaikuta Yamaha AG 100, au DT 125 iliyopakwa rangi mara tatu na kubadilishwa namba mara mbili. AG ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mashamba na mifugo, na imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1970. Ina moteri ya mipigo miwili ya sentimita za ujazo 97, nyororo iliyofunikwa kabisa ili matope yasiingie, na kibebeo cha mizigo mbele na nyuma. Mtu aliyeichora ni kama aliwahi kulala njiani kati ya Isangi na Yahuma. Kwa hiyo haifi upesi, na kwa kuwa haifi upesi, inapita kwa mafundi wengi, na kila fundi anaacha alama yake kwenye visi.

Tuseme kwanza visi hizo ni zipi, kwa sababu ziko mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza inainua kidogo kile kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya karburateri mtu anapozungusha aksele. Ukiikaza, moteri inazunguka kwa kasi zaidi hata kama aksele imeachwa. Hiyo ni visi ya mwendo wa ralanti. Ya pili ni nyembamba zaidi, ina ncha kama sindano, na kazi yake ni kupima mchanganyiko wa hewa na esansi wakati aksele imefungwa au imefunguliwa kidogo tu. Hiyo ndiyo inayoleta matata. Kuikaza au kuilegeza kwa robo ya mzunguko kunatosha kubadilisha sauti ya moteri.

Kuna fundi atakayesema kwamba visi hiyo ya pili haina nguvu yoyote mara pikipiki inapokimbia, kwa sababu hapo jikleri kubwa ndiyo inayolisha moteri. Anasema kweli kuhusu barabara ya lami. Visi ya mchanganyiko inatawala kutoka aksele iliyofungwa mpaka karibu robo yake, na dereva wa lami hakai hapo. Dereva wa Yahuma anakaa hapo karibu siku nzima. Anapita daraja la magogo kwa mwendo wa mtu anayetembea, anateremka kijito akiwa amefunga aksele, anapanda utelezi kwa gia ya kwanza, anakwepa mizizi. Kilomita nyingi za teritwari hiyo zinaendeshwa kwenye robo ile ile ya kwanza ambayo visi hiyo inaitawala. Ndiyo sababu kosa ambalo mjini lingekuwa kelele tu, msituni linaunguza pistoni.

Tena kwa pikipiki ya mipigo miwili kosa hilo lina bei maalumu. Moteri hiyo inalainishwa na mafuta yanayoingia pamoja na hewa na esansi. Yamaha ziliwekewa pampu yake inayovuta mafuta kutoka tangi dogo la pembeni, ila pampu nyingi zimekwisha kung'olewa au kuachwa, na mafuta yanamiminwa moja kwa moja kwenye tangi la esansi kwa kukadiria kwa jicho. Hapo hesabu ni rahisi kufuata: esansi ikipungua, mafuta yanapungua pamoja nayo. Visi ikiwekwa ili moteri ivute hewa nyingi na esansi kidogo, kisha dereva akateremka mteremko mrefu amefunga aksele na mzigo unasukuma nyuma, pistoni inazunguka haraka katika silinda kavu. Inachubuka. Baadaye watu wanasema pikipiki ilikuwa imezeeka.

Hata pale pampu ingali nzima, kuna mtego. Kwenye Yamaha hizo kamba ya aksele inagawanyika: tawi moja linakwenda karburateri, lingine pampu ya mafuta. Motari anayeona moteri inazimika akivuta kamba iwe fupi badala ya kupanga visi, amehamisha pia alama ya pampu bila kujua. Anapata ralanti ya juu, anafurahi, na moshi wa bluu unamfuata mpaka buji inajaa masizi.

Mkanganyiko mkubwa zaidi unatokana na upande wa kuzungushia, na hapa vijana wasilaumiwe sana. Kwenye karburateri nyingi za pikipiki za zamani za mipigo miwili, visi ya mchanganyiko iko upande wa filtri ya hewa na inapima hewa. Ukiikaza, hewa inapungua na mchanganyiko unakuwa mzito. Kwenye karburateri nyingi za mipigo minne, visi iko upande wa moteri na inapima esansi iliyokwisha kuchanganywa. Ukiikaza, esansi inapungua na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Mkono ni ule ule, turnavisi ni ile ile, matokeo yanapingana. Kijana aliyejifunza kazi juu ya TVS akiletewa AG ya misheni, kila anachofanya kwa nia njema kinaipeleka pikipiki upande mbaya. Mwalimu wake hakumwambia kwamba jambo la kwanza ni kuangalia visi iko upande gani, kwa sababu pengine mwalimu mwenyewe hakuambiwa.

Halafu kuna makosa ambayo visi haina hatia yoyote ndani yake, nayo ndiyo mengi. Esansi ya Yahuma haitoki kwenye pompi. Inatoka kwa kadafi, katika chupa au bidoni, baada ya kusafiri katika mapipa yenye kutu na kumiminwa mara nyingi, baadhi ya mara chini ya mvua. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yanalala chini kabisa ya kopo la karburateri, mahali ambapo jikleri zinanyonya. Jikleri ya ralanti ina tundu lisilofika nusu milimita. Chembe moja ya kutu inatosha. Moteri inakataa kushika ralanti, motari anazungusha visi, inaendelea kukataa, anazungusha tena. Akifika kituo cha afya mtu anasafisha kopo na jikleri, na sasa pikipiki ina jikleri safi na visi iliyopotea. Tatizo moja limekuwa mawili.

Filtri ya hewa ikijaa vumbi inafanya vivyo hivyo: moteri inakosa pumzi, visi inazungushwa ili kufidia, na siku filtri inapofuliwa hewa inaingia yote kwa mara moja na mchanganyiko unakuwa mwepesi kupita kiasi. Mpira unaoshika karburateri kwenye moteri ukipasuka, hewa ya wizi inaingia. Na kuna kitu kimoja ambacho hata mafundi wazuri wa Kisangani wanakisahau, kile kipete kidogo cha mpira kilicho kwenye ncha ya visi yenyewe. Visi ya mchanganyiko kwa kawaida inavaa resori, kisha rondela ndogo, kisha kipete cha mpira mwishoni, kwa mpango huo. Resori inaizuia isijizungushe kwa mtikisiko. Kipete kinaziba njia ili hewa isipite kando ya nyuzi za visi. Fundi anayeichomoa visi juu ya mchanga bila kutandika kitambaa anapoteza rondela na kipete, anarudisha visi na resori peke yake, kisha anashangaa kwa nini ralanti inapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa. Hakuna upangaji utakaokaa juu ya visi inayovuja hewa. Huo ndio muhuri wa kwanza, nao unatangulia ule wa rangi.

Wasomaji wa Kivu na Ituri wanahusika moja kwa moja na jambo lingine. Pikipiki nyingi zinazoingia Tshopo kwa barabara ya taifa namba 4 zinatoka Butembo, Beni au Bunia. Butembo uko kwenye urefu wa mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari, Kisangani karibu mita 400. Hewa ya chini ni nzito kuliko ile ya milimani kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Fundi wa Butembo aliyeisikiliza moteri vizuri amepunguza esansi ili ilingane na hewa yake nyepesi, na amefanya kazi safi. Pikipiki hiyo ikiteremka mpaka Kisangani, ikavuka mto hadi Lubunga na kuelekea magharibi, inavuta hewa nyingi kuliko ile iliyopangiwa, na esansi ni ile ile ya mlimani. Inapata joto. Mnunuzi anasema aliuziwa pikipiki mbovu. Hakuuziwa pikipiki mbovu. Aliuziwa pikipiki iliyopangwa kwa ajili ya Butembo, na ilihitaji nusu saa ya fundi wa Kisangani kabla ya kupakiwa mzigo wa kwanza.

Nusu saa hiyo inatumikaje? Kwanza kila kitu kingine kiwe safi: filtri, kopo, jikleri, buji, mpira wa karburateri. Aksele iwe na ulegevu kidogo, isivutwe na kamba mtu anapokata usukani. Moteri iendeshwe kama dakika 10 ipate joto la kweli, kwa kuwa moteri baridi inadanganya. Kisha moteri izimwe, visi ya mchanganyiko ikazwe taratibu mpaka iguse, mizunguko ikihesabiwa. Neno ni iguse. Anayeikaza kwa nguvu anapanua kiti chake au anavunja ncha ya sindano, na karburateri hiyo haitarudi kama zamani. Hesabu iliyopatikana iandikwe, hata kama ni mbaya, ili pawe na pa kurudia.

Halafu ilegezwe mzunguko mmoja na nusu, ambao kwa karburateri nyingi ni mwanzo mzuri, moteri iwashwe, na ralanti ipandishwe kidogo kwa ile visi nyingine. Sasa kazi ni ya masikio: robo ya mzunguko, kusubiri, kusikiliza, robo nyingine. Kuna mahali moteri inazunguka haraka na laini kuliko kote. Hapo ndipo. Mwendo ukiwa umepanda mno unapunguzwa kwa visi ya mwendo, na mchanganyiko unasikilizwa tena. Mwishowe aksele inafunguliwa ghafla na kuachwa. Moteri ikikohoa na kutaka kuzima, esansi ni kidogo. Ikibwabwaja na kutoa moshi mzito, ni nyingi. Ikibaki juu ikilia kabla ya kushuka, mchanganyiko ni mwepesi au kuna hewa ya wizi.

Visi yenyewe pia inatoa ushahidi kwa anayeihoji. Ukiikaza mpaka mwisho na moteri isibadilike hata kidogo, jikleri ya ralanti imeziba, au visi ya mwendo imeinua kizibo juu mno hata moteri inalishwa na sehemu nyingine ya karburateri. Ikidai kulegezwa mizunguko mitatu na zaidi ndipo moteri itulie, kuna kitu ndani hakiko sawa. Fundi anayesoma ishara hizo anafungua kopo na kutafuta. Yule asiyezisoma anaendelea kuzungusha, na mwenye pikipiki analipa.

Sasa muhuri. Si wazo la Yahuma. Marekani ilianza kuzitoza pikipiki masharti ya moshi kwa zile zilizotengenezwa kuanzia 1978, na katika miaka iliyofuata watengenezaji walizoea kufunika visi ya mchanganyiko kwa kizibo cha chuma kilichogongomelewa kiwandani, ili mwenye pikipiki asiongeze esansi na kuchafua hewa. Mafundi wa huko wakajifunza kutoboa kizibo hicho na kukichomoa. Sababu yao ilikuwa hewa ya miji. Sababu ya Yahuma ni nyingine kabisa: huku hakuna anayepima moshi, kinachotafutwa ni pikipiki irudi.

Kwa hiyo muhuri wa chuma haufai. Haufai pia ule unaoanza kuonekana kwa baadhi ya wenye pikipiki, wa kumwaga gundi ngumu ya Araldite juu ya visi na kusema mambo yamekwisha. Hayajaisha. Karburateri inayokunywa esansi ya bidoni lazima ifunguliwe mara kwa mara, na njia ya ralanti haisafishwi vizuri visi ikiwa imezikwa ndani ya gundi. Siku ya kuitoa, kichwa cha visi kinakatika na karburateri nzima inatupwa. Mwenye pikipiki amelinda visi na kupoteza karburateri.

Kinachofaa ni rangi. Doa moja la rangi ya kucha, ile inayouzwa katika kila soko, ikipita juu ya kichwa cha visi na kuendelea mpaka kwenye mwili wa karburateri. Ikikauka inaisaidia resori kidogo dhidi ya mtikisiko, lakini kazi yake kubwa ni kusema ukweli. Mstari ukivunjika, visi imeguswa. Anayelazimika kuigusa anaona ilipokuwa na anaweza kuirudisha hapo hapo. Pamoja na doa hilo, mstari mmoja katika daftari la pikipiki: tarehe, mahali ilipopangiwa, mizunguko mingapi kutoka mwisho, jina la fundi.

Wamotari wana pingamizi lao, na si la kudharauliwa. Ukiwa peke yako saa mbili usiku, mgonjwa nyuma, moteri imezima, hakuna mtandao wa simu, nani atakuja kukukataza kugusa visi? Hakuna. Rangi haimzuii mtu, na haipaswi kumzuia. Ila inamwomba afuate mpango: afungue kwanza skrubu ya chini ya kopo maji yatoke, aangalie buji, apige filtri kwenye mti vumbi lidondoke. Mara nyingi safari inaendelea hapo, visi ikiwa haijaguswa. Na kama ilibidi iguswe, anahesabu robo alizozungusha na kumwambia fundi akifika. Dereva wa aina hiyo hahitaji kuogopa mstari uliovunjika.

Chini ya pingamizi hilo kuna jingine ambalo watu hawalisemi waziwazi, nalo ni la pesa. Pikipiki nyingi si mali ya anayeiendesha. Dereva anampa mwenyewe kiasi kila siku au kila wiki, na moteri inapokufa swali ni moja: nani aliiua? Mwenye pikipiki anamshuku dereva, dereva anamsingizia fundi, fundi anasema esansi ilikuwa na maji. Wote watatu wanaweza kuwa na haki nusu. Kwa kawaida mnyonge ndiye anayelipa, na mnyonge ni dereva. Baadhi yao wanaona rangi kwenye visi kama jicho la bosi. Waiangalie tena. Dereva aliyerudisha pikipiki jioni na mstari ungali mzima, na daftari limesainiwa na fundi, ndiye mtu pekee katika ugomvi huo mwenye ushahidi mkononi. Muungano wa wamotari unaotetea wanachama wake ungepaswa kuwa wa kwanza kudai alama hiyo.

Bosi naye asijifiche nyuma ya rangi. Akikataa kununua filtri na kipete cha mpira, akimlazimisha dereva kununua esansi ya bei ya chini kabisa, muhuri hautaokoa pistoni yake, na asimdai mtu.

Toleka za Kisangani, zile baiskeli zilizobeba mji kwa miaka mingi, zilikuwa na faida moja ambayo watu hawaikumbuki: hazikuwa na karburateri. Kijana aliyeacha toleka akapanda pikipiki alipewa ufunguo, hakupewa somo. Mafundi wengi wa barabarani nao walijifunza kwa kutazama. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ipo Kisangani, na mtu wa Yahuma anayetaka kufika huko lazima apate nauli ya mto, chakula na mahali pa kulala kwa wiki kadhaa. Ingekuwa rahisi zaidi mkufunzi mmoja ateremke hadi Yahuma na karburateri mbili katika mfuko, moja ya AG na moja ya TVS, azifungue mezani mbele ya mafundi na kuwaonyesha visi zinazozungushwa kinyume. Somo hilo halizidi siku mbili. Mashirika yanayolipia semina za hotelini Kisangani yanaweza kulilipia bila kuhisi.

Zoni ya afya haihitaji kungoja hayo. Ina orodha ya pikipiki zake, ina daftari la safari, na kwa kawaida ina fundi mmoja anayeaminika kuliko wengine. Ianze na pikipiki inayobeba sanduku la chanjo, kabla ya zile za wasimamizi. Mwaka 2025 kipindupindu kilipoingia Tshopo, jimbo zima liliona jinsi dawa na seramu zinavyoweza kuwepo mjini na mgonjwa akawa mahali ambapo hazifiki. Safu moja iongezwe katika daftari hilo la safari, yenye swali ambalo dereva anajibu akiondoka na akirudi: rangi nzima, ndiyo au hapana. Jibu likiwa hapana, aeleze kwa maneno matatu, maji, buji, au hakujua, na asiadhibiwe kwa kuandika la tatu, la sivyo hakuna atakayeliandika tena.

Doa liwekwe upande ambao jicho linafika bila kung'oa tangi, na rangi iwe nyekundu au nyeupe. Nyeusi haionekani kwenye karburateri yenye grisi.